Mwalimu Khole na Sanamu Iliyonyolewa Ndevu

Wasikilizaji wapendwa, mlio Tabora mjini, mlio Kaliua penye njia panda ya reli, na nyinyi wa Igunga mnaosubiri basi ambalo hata dereva wake hajui litafika saa ngapi, karibuni tukae pamoja. Mimi ni Ambrosi wenu. Vuteni vigoda. Mwenye betri zilizochoka aziweke juani kidogo, tutamsubiri.

Leo tunamkumbuka Mwalimu Khole binti Nasor. Narudia jina: Mwalimu Khole binti Nasor. Alifariki Jumatano ya wiki iliyopita, nyumbani kwao hapa Tabora, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Alizikwa Alhamisi. Alifundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini. Lakini wengi wenu hamkumjua darasani. Mlimjua barabarani, juani, akiwatembeza watu kutoka sanamu moja hadi nyingine, mkononi ameshika mwavuli uliofungwa.

Nasema uliofungwa. Sijawahi kuuona umefunguliwa. Ule mwavuli ulikuwa wa kuonyeshea vitu, na mara mojamoja wa kumgonga mtu begani akizungumza wakati mwalimu anazungumza. Mimi niligongwa mara mbili.

Nilipokwenda msibani nilijiandaa kukuta vilio. Vilio vilikuwepo, hatukatai. Lakini mdogo wake, Bi Thuraya, alinikaribisha barazani akaniambia, "Bwana Ambrosi, dada yangu ameondoka roho yake imetulia. Lililomsumbua lilikwisha mwaka sitini na saba. Baada ya pale alikuwa anacheka tu."

Basi wasikilizaji wapendwa, leo tutazungumza juu ya hilo lililomsumbua. Lilikuwa kosa. Kosa moja la saruji, lenye urefu wa mtu mzima.

Tuanze mwanzo. Mwalimu Khole alizaliwa hapa Tabora mwaka 1920. Babu yake, Darwesh, alikuja kutoka Omani kufanya biashara. Alileta nguo, alinunua pembe za ndovu. Baba yake, Mzee Nasor bin Darwesh, alizaliwa hapahapa, akaiona misafara ya mwisho akiwa mtoto mdogo, ameketi kwenye kizingiti cha mlango. Khole mwenyewe alisoma hapa, akafundisha hapa. Baada ya uhuru walitokea watu wa kumuuliza, "Wewe mwalimu, kwenu hasa ni wapi?" Akawajibu, "Kawaulizeni mbu wa Tabora. Wao wananijua tangu nanyonya." Watu walicheka. Yeye pia alicheka. Lakini Bi Thuraya anasema swali lile lilimuuma, na akifika nyumbani hakugusa sahani mpaka chakula kinapoa.

Sasa mwaka 1967. Azimio la Arusha limetangazwa, nchi nzima inazungumza habari za kazi na wafanyakazi. Hapa mjini ikaundwa kamati ya sherehe za Saba Saba. Mwenyekiti alikuwa Bwana Shomari, mtu mnene, mpole, anayetoka jasho hata kipupwe. Kamati ikaamua mji upate sanamu nne. Siyo za watawala, siyo za askari. Sanamu za watu wa kazi. Mfanyakazi wa reli na taa yake, pale stesheni. Mlina asali na mzinga wake, sokoni. Mkulima na jembe lake, kwenye uwanja wa mikutano. Na ya nne, mpagazi, pale inapotokea njia ya Kwihara, ambako misafara ya zamani iliingilia mjini.

Kwa msikilizaji kijana: wapagazi ni watu waliochukua mizigo ya misafara kwa miguu, kutoka huku kwetu mpaka pwani, na kurudi. Miezi kwa miezi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi, na sifa yao ilifika mbali.

Fundi alikuwa Mzee Mabruki, mwashi wa hapa mjini, mtu wa miaka sitini. Nusu ya baraza tunazokalia Tabora ni kazi ya mikono yake, na hakuna hata moja yenye jina lake. Safari hii kamati ilimwahidi kwamba jina lake litachorwa chini ya kila sanamu. Mzee Mabruki alikuwa Mwislamu wa swala tano, na majirani zake msikitini hawakufurahi kusikia anafinyanga watu. Akakata shauri lake mwenyewe. Sanamu zake zote nne hazina macho. Mahali pa macho ni laini kama shavu. Aliulizwa, akasema, "Macho namwachia Muumba. Mimi natengeneza mikono na mizigo."

Na kazi ya Mwalimu Khole ilikuwa ipi? Kazi zake zilikuwa mbili. Kwanza, kuulizia habari za zamani ili fundi asikosee. Pili, siku ya sherehe awatembeze wageni kwenye sanamu zote nne na kuwaeleza. Bwana Shomari alimwita akamwambia, "Mwalimu, sanamu hizi zina maneno mengi. Wako wanaosema ni za kuabudu. Wako wanaosema saruji ile ingejenga zahanati. Basi moja tu ikituaibisha mbele ya wageni, nitazivunja zote nne, kifusi kikajaze msingi wa zahanati. Umenisikia?"

Mwalimu Khole akajibu, "Habari za mpagazi niachieni mimi. Nimezaliwa katika nyumba ya misafara."

Hapo ndipo alipojikwaa, wasikilizaji wapendwa. Hapo hapo.

Alirudi nyumbani akamuuliza baba yake. Mzee Nasor alikuwa na miaka themanini na zaidi, lakini kumbukumbu yake ilikuwa kali. "Baba, wapagazi walibebaje pembe za ndovu?" Mzee akafumba macho, akasema, "Kichwani. Nawaona mpaka leo. Wanaingia lango la ua, mizigo kichwani." Khole akaandika: kichwani. Akampelekea Mzee Mabruki. Mzee Mabruki akasuka vyuma, akafunga nyavu za waya, akamwaga saruji. Akasimama mwanamume wa futi sita, mwenye ndevu nzuri zilizochongwa unywele kwa unywele, na pembe ndefu ya ndovu imelala kichwani mwake.

Siku tatu kabla ya Saba Saba, Mwalimu Khole akafanya majaribio ya matembezi. Aliwachukua wanawake wachache wa shuleni kwake, akiwemo mpishi wa shule, Mama Apolinaria, Mnyamwezi wa Goweko. Walianzia stesheni. Mfanyakazi wa reli akapendeza. Sokoni, mlina asali akapendeza zaidi. Mkulima naye hakuwa na neno. Wakafika kwa mpagazi. Mama Apolinaria akatazama. Akaziba mdomo kwa upande wa khanga. Halafu akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwalimu, nisamehe," akasema. "Huyu baba amepatwa na nini?"

"Kwani ana nini?"

"Si amejitwisha kichwani! Kwetu mwanamume habebi kichwani, mwalimu. Mwanamume ni begani. Kichwani ni sisi wanawake. Wazee wa Goweko wakimwona huyu, watauliza sketi yake iko wapi."

Nadhani mnaona jambo lenyewe. Wale waliokuwa wakiingia kwa Mzee Darwesh na mizigo kichwani walikuwa watu wa pwani. Wanyamwezi walibeba begani, na walijivunia mabega yao. Ilikuwa heshima yao. Na mgeni rasmi wa wazee siku ya sherehe alikuwa nani? Alikuwa Mzee Lugembe wa Goweko, mtoto wa mpagazi, aliyealikwa kwa kazi moja tu: kumtazama mpagazi na kusema kama ni yeye.

Mwalimu Khole hakucheka. Miaka mingi baadaye aliniambia mwenyewe, kwa maneno haya: "Ambrosi, niliwauliza wenye mizigo. Sikuwauliza waliobeba. Nilijiita mwana wa Tabora, na nilipotaka habari za watu wa Tabora sikuvuka hata kizingiti cha kwetu."

Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mabruki. Mama Apolinaria akamfuata nyuma. Fundi alikuwa anaosha ndoo.

"Shikamoo, Mzee Mabruki."

"Marahaba, Bi Khole. Mbona uso huo?"

Akamweleza. Mzee Mabruki alikaa juu ya ndoo yake. Halafu akasema, "Bi Khole, saruji siyo ugali. Ikishaiva haisongwi tena. Nikitaka kuushusha mzigo mpaka begani, lazima nivunje mikono yote miwili na shingo. Siku tatu hazitoshi. Wakimcheka huyu, wanavunja na wale wengine. Na mimi nitakufa bila jina hata kwenye kibaraza."

"Kosa ni langu," akasema Mwalimu Khole. "Nitakwenda kwa Bwana Shomari nikamwambie."

"Ukimwambia leo, nyundo inakuja leo."

Hapo Mama Apolinaria, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa. "Jamani, mbona mnahangaika? Si mumfanye mwanamke?"

Wote wawili wakamgeukia.

"Bibi yangu alikwenda pwani," akasema. "Na babu. Babu alibeba pembe begani, bibi alibeba mkeka na chungu kichwani. Bila chungu hao wanaume wangekula nini huko njiani? Mnamchora babu kila mahali. Bibi hajachorwa na mtu."

Mzee Mabruki akamtazama. Akatazama patasi yake. Akasema neno moja tu: "Ndevu."

Basi wakaanza. Walikwenda mchana kweupe, wakazungushia turubai, wapita njia wakidhani fundi anamalizia urembo. Mzee Mabruki akazinyoa zile ndevu kwa patasi na nyundo, nywele alizozichonga kwa wiki nzima, na kila kipande kilipoanguka aliguna kama anang'olewa jino. Pembe ya ndovu akaifunga nyavu, akaipaka saruji, ikawa mkeka uliokunjwa. Juu ya mkeka akaweka chungu. Kifuani akapitisha nguo iliyofungwa vizuri, kwa maelekezo ya Mama Apolinaria, ambaye alikuwa mkali kuliko mkaguzi wa shule. "Siyo hivyo, mzee. Ukifunga hivyo itadondoka kabla hajafika hata Goweko." Mwalimu Khole yeye alikuwa anachota maji na kulowesha magunia ya kufunikia saruji ili isipasuke. Asubuhi, adhuhuri, alasiri. Siku tatu. Kila ndoo aliitwika kichwani, na jioni ya siku ya tatu shingo ilikuwa haigeuki.

Kitu kimoja kiligoma. Kidevu. Muda haukutosha kukilainisha. Kikabaki kina mikwaruzo, kama cha mtu aliyenyolewa kwa wembe butu.

Saba Saba ikafika. Mwaka 1967, narudia, Saba Saba ya mwaka 1967. Ngoma, bendera, watoto wa shule, wageni. Sanamu ya kwanza, makofi. Ya pili, makofi. Ya tatu, makofi mengi zaidi. Wakafika njia ya Kwihara. Turubai likavutwa.

Mikono iliyokuwa tayari kupiga makofi ikashuka.

Bwana Shomari alikuwa ameahidi watu mwanamume mwenye pembe ya ndovu. Anamwona mwanamke mwenye chungu. Saidi, mtoto wa Mzee Mabruki, alikuwepo. Ananiambia jasho la mwenyekiti lilishuka mpaka kwenye kola, na macho yake yakaanza kutafuta nyundo.

Mwalimu Khole angeweza kudanganya. Angeweza kusema ndivyo ilivyopangwa tangu mwanzo, na nani angemkatalia? Hakudanganya. Aliinua mwavuli wake, akasema kwa sauti ya darasani: "Wazee wangu, hapa nilikosea. Hapa alisimama mwanamume niliyembebesha mzigo kichwani. Niliuliza nyumbani kwangu tu, sikuja kuwauliza nyinyi. Mama Apolinaria wa Goweko ndiye aliyenifunza. Huyu sasa ni mke wa mpagazi, aliyekwenda naye mpaka pwani. Kama huyu naye si sahihi, lawama ni yangu, siyo ya fundi."

Watu wote wakamgeukia Mzee Lugembe.

Mzee Lugembe hakuwa na haraka. Akamzunguka yule mama wa saruji mara moja. Akagusa mkeka. Akainua shingo kutazama chungu. Akarudi mbele, akakitazama kidevu kwa muda mrefu mno, mpaka Mzee Mabruki akaanza kusoma dua kimoyomoyo. Kisha mzee akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Mwalimu Khole akasema, "Mtoto gani, mzee wangu?"

"Mimi," akasema Mzee Lugembe. "Nimezaliwa njiani. Baba alikuwa mbele na pembe yake begani. Mama alikuwa nyuma, na mkeka, na chungu. Alinizaa pembeni ya njia, siku ya tatu akajitwika tena akawafuata."

Akavua kofia yake. Akainama kidogo mbele ya ile saruji iliyokuwa bado na unyevu, akasema, "Shikamoo, mama."

Wasikilizaji wapendwa, Mama Apolinaria ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Kilichofuata hakuna aliyeweza kukihesabu. Bwana Shomari alitoa leso, akajifuta uso, shingo, mikono, kisha akaikamua. Mzee Mabruki alikaa chini palepale, kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe ya sikukuu. Na Mwalimu Khole? Bi Thuraya anasema dada yake alilia kwa kwikwi kama mtoto aliyepotea sokoni akaonwa na mama yake. Siyo machozi ya huzuni. Ni yale yanayokuja mtu anapotua mzigo.

Hakuna sanamu iliyovunjwa. Zahanati nayo ilijengwa, kwa saruji nyingine. Jina la Mabruki likachorwa mara nne, na mpaka alipofariki mwaka 1979 alikuwa akipita kila Ijumaa kulisoma.

Jioni ile Khole alimweleza baba yake yote. Mzee Nasor akasema, "Nilikuwa mtoto, mwanangu, nimekaa mlangoni. Nilichokiona mlangoni nikadhani ndiyo njia yote." Kesho yake akaomba apelekwe kwa mkongojo akamwone yule mama.

Toka hapo, kila Jumamosi, kwa miaka kumi na saba, Mwalimu Khole aliwatembeza watu. Bure. Walikuja wa Kaliua kwa treni, walikuja wa Igunga juu ya malori ya pamba. Na alikuwa na sharti lake. Kutoka kwa mkulima mpaka kwa yule mama, kila mgeni alibeba mzigo wa kuni. Wanaume begani, wanawake kichwani. Mimi nilikwenda mwaka sabini na sita, nimevaa shati jeupe, nimekuja kufanya mahojiano. Akanipa kuni. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi ni mtu wa redio." Akasema, "Basi utabeba na za redio." Bega liliniuma siku nne. Shati halikurudia weupe wake tena.

Na kila Jumamosi, akifika pale, alianza kwa maneno yaleyale: "Hapa nilikosea." Kila Jumamosi. Nilimuuliza, mwalimu, huoni aibu? Akasema, "Aibu niliitua palepale. Sasa napita kuangalia kama bado ipo chini."

Saidi, mtoto wa fundi, ndiye anayezitunza sanamu sasa. Aliwahi kutaka kukilainisha kile kidevu. Mwalimu Khole alimkataza kwa mwavuli.

Siku zake za mwisho hakuweza kutembea tena. Bi Thuraya alikuwa akirudi sokoni, na dada yake alikuwa na swali moja tu kitandani. "Yule mama yupo?" Bi Thuraya anajibu, yupo. "Ndevu hazijaota?" Hazijaota, dada. Basi anacheka, anageukia ukutani, analala. Jumatano iliyopita aliuliza, akajibiwa, akacheka, akageukia ukutani. Hakuamka. Bi Thuraya anasema, "Namshukuru Mungu. Kicheko ndicho kilichokuwa cha mwisho."

Kwa niaba ya kipindi hiki, natoa pole kwa Bi Thuraya, kwa ukoo wote wa Mzee Darwesh, kwa walimu wenzake, kwa Saidi na nyumba ya marehemu Mzee Mabruki, na kwa Mama Apolinaria, ambaye bado yu hai na ameniagiza niseme kwamba nguo ya yule mama aliifunga yeye. Nimesema, mama. Mwenyezi Mungu amrehemu Mwalimu Khole binti Nasor.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Ni habari za nani tunazozisimulia kila siku bila kuwauliza wenyewe? Wiki hii, msikilizaji mpendwa, mtafute mmoja. Mwulize. Na ukipita njia ya Kwihara, gusa kile kidevu.

Nimebakiza jambo moja. Nimelipata kwa Saidi, aliyekuwepo. Alhamisi, jeneza lilipokuwa linatoka nyumbani, alitokea mtu ametoka moja kwa moja kwenye treni, viatu vina vumbi la Goweko. Ni Silasi, mtoto wa Mzee Lugembe. Hakuwa Mwislamu, akaomba ruhusa, wazee wakampa nafasi mbele. Walipofika kwa yule mama wa saruji wakapunguza mwendo, bila mtu kuwaambia. Silasi akaliweka jeneza vizuri kwenye bega lake, akageuza uso kidogo kulielekea, akasema taratibu, "Mwalimu, tazama. Begani."